Uso wa Kazi wa Mama Kioo

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu asubuhi hii, mimi ni binti mkubwa wa marehemu, na familia imenisimamisha hapa niwasomee njia aliyopita mama yetu tangu alipozaliwa hadi Alhamisi iliyopita, kazi ambayo Mjomba alitaka aifanye mwenyewe, tukapiga kura, akashindwa, akabaki na cheo cha kunipa maagizo, nayo ni haya: nisome polepole, nisilie, nisichekeshe watu, na nikifika penye ugonjwa niseme "aliugua kwa muda mfupi" nipite. Nitasoma polepole. Hayo mengine tutaona.

Mama alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Aprili 1952, katika nyumba za wafanyakazi wa posta, chumba cha pili kutoka bombani, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto watano wa karani aliyegonga mihuri kutwa nzima na fundi cherehani aliyeshona sare za shule za mtaa mzima. Nyuma ya nyumba hizo kulikuwa na kisima cha zamani kilichofunikwa kwa bati, na juu ya bati mawe manne, na kwa kuwa bibi yetu alikuwa na watoto watano, cherehani moja na macho mawili tu, hakuweza kumchunga kila mtoto, basi akawaajiria mlinzi asiyelala, akawaambia kwamba mle ndani anakaa mzee mwenye mikono mirefu, anayevuta watoto kwa vifundo vya miguu. Watoto wakakaa mbali na kisima, cherehani ikaendelea.

Mwaka 1958, mama akiwa na miaka sita, aliona jambo lililomtafutia kazi ya maisha. Mdogo wake wa mwisho, ambaye ndiye Mjomba huyu aliyenipa maagizo, alikuwa na mwaka mmoja na maneno mawili, "maji" na "nipe", hajaambiwa lolote kuhusu mzee wa kisimani na hata angeambiwa asingeelewa, lakini kila bibi alipopita na yeye kiunoni karibu na lile bati, alipiga ukelele mpaka majirani wakatoka. Mama akamtazama mtoto, akakitazama kisima, kisha akainua macho akamtazama mama yake, akaona shingo imekaza na midomo imekuwa myembamba kama uzi, akaelewa mtoto anasoma wapi. Bibi alikuwa amemtunga yule mzee kwa mdomo wake mwenyewe, lakini kisima alikiogopa kweli, na mtoto aliuacha mdomo akafuata shingo. Mjomba mpaka leo hakai karibu na tangi la maji, asikatae, tumemwona.

Elimu ya msingi aliipata kuanzia Januari 1959 hadi Desemba 1965 katika shule iliyokuwa upande wa pili wa reli, na ya sekondari kuanzia 1966 hadi 1971 katika shule ya bweni ya wasichana, ambako mlezi wa bweni alitembea na shada la funguo kiunoni, na mama alituambia kwamba mwaka 1968 mlezi huyo aliumwa wiki nzima, funguo zikatundikwa kwenye msumari nje ya ofisi, upepo ukazigonga, na wasichana sitini wakaingia vitandani saa kumi na mbili jioni, jua likiwa bado linawaka, wakavuta mashuka mpaka kidevuni. Yeye naye aliingia. Alilala akihesabu mara ngapi upepo umegonga, na hesabu hiyo ipo hadi leo nyuma ya daftari lake la jiografia.

Septemba 1972 alijiunga na chuo kikuu kusoma saikolojia, na babu alipomuuliza, "Saikolojia ndiyo ugonjwa gani?" alimjibu kwamba ni elimu ya kujua kwa nini wasichana sitini wanaogopa msumari, jibu ambalo halikumsaidia babu. Alihitimu mwaka 1975, akafundisha chuo cha ualimu hadi 1980, akarudi kwa shahada ya pili, na tarehe 10 Januari 1983 akaajiriwa kuwa mhadhiri katika chuo kikuu hichohicho, ambako ndiko alikoanzisha utafiti uliompa jina.

Kwa wale ambao kwa miaka mingi mmemwitikia kwa adabu bila kujua anafanya nini, na najua mko wengi, nieleze kwa ufupi. Mama alitafiti jinsi mtoto anavyofanywa kuwa mtu wa watu, yaani nani anamfundisha amwamkie nani, anyamaze lini, aone aibu kwa lipi, na hasa aogope nini, na kama mafunzo hayo yanapita kwenye maneno tunayojivunia au kwenye mambo tusiyojua kwamba tunayafanya. Alichukua watoto arobaini na wawili wenye miaka minne, akawafuata majumbani, shuleni na mitaani kwa miaka ishirini, hadi wakawa na watoto wao. Methali hakuzipenda. Ukimwambia "mtoto umleavyo ndivyo akuavyo", atakuuliza, "Na wewe unajua unavyomlea, au unajua unavyosema unamlea?" Ukimwambia "samaki mkunje angali mbichi", atakuuliza kama umewahi kumuuliza samaki.

Katika idara yao kulijengwa chumba cha kuchezea, kikagawanywa na kioo kikubwa, upande wa watoto wakijiona wenyewe, upande wa watafiti wakiwaona watoto, na siku ya kwanza, tarehe 17 Februari 1984, kila kitu kiliharibika, kwa sababu msaidizi mmoja aliwasha taa upande wa watafiti ili aone anachoandika, na watoto sita waliokuwa wakipanga vibao wakainua macho wakakuta ndani ya kioo watu wazima watano wamekaa mstari mmoja, na kalamu mkononi, wanawatazama. Wawili walijikojolea. Mmoja hakurudi tena kwenye utafiti, na mama yake alisema haingii tena hata bafuni kama kuna kioo. Fundi aliyekiweka akaitwa kwa ukali, akaulizwa kwa nini ameleta kioo kibovu, naye akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Dada, kioo hiki hakina upande. Upande unaletwa na taa. Ukiwasha kwako, wewe ndiye unayeonekana." Mama akamwomba arudie, akaandika, na Jumamosi ya tarehe 7 Desemba 1985 wakafunga ndoa. Ndiye baba yetu, amekaa pale mbele, na ndiyo sababu wanafunzi walimwita marehemu Mama Kioo, ingawa wengine walikuwa na sababu nyingine, nami naifikia.

Sababu hiyo ni uso wake wa kazi. Utafiti ule ulihitaji wazazi waseme ukweli kuhusu wanavyowafunza watoto, na mzazi anaposema kwamba anamfungia mtoto stoo, au anamwambia mbwa atamla, anakuwa anakutazama, na nyusi zako zikipanda hata kidogo, amekwisha, kuanzia hapo atakuambia anambembeleza kwa nyimbo. Kwa hiyo mama aliufundisha uso wake kutosema kitu. Aliwafundisha na wasaidizi, wakikaa wawili wawili kwenye viti, mmoja akisoma kwa sauti mambo ya kutisha, mwingine akitazama tu, na atakayekunja paji la uso anaanza upya. Uso huo ulifaa. Mwaka 1985 mzazi mmoja alimwambia kwamba mwanawe, ambaye kwenye orodha alikuwa Namba Kumi na Tisa, ana homa siku ya tatu na yuko uvunguni, kwa sababu nyumbani walizoea kumwambia akikosa watampeleka kwa nesi akatwe, na sasa nesi anahitajika kweli. Mama hakupepesa. Aliuliza tu, kama anayeuliza saa, "Uvunguni mwa kitanda kipi?" na baada ya nusu saa alikuwa amelala kifudifudi kwenye sakafu ya watu, akizungumza na mtoto chini ya kitanda. Namba Kumi na Tisa yuko hapa leo, safu ya nyuma, ana miaka arobaini na minne, na ni nesi.

Mungu aliwajalia mama na baba watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 9 Septemba 1987, na mdogo wangu wa kiume aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1990, ambaye nyumbani tunamwita Profesa kwa kuwa alirudia darasa la nne kwa utafiti zaidi. Hapa ndipo Mjomba angependa niseme kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mwenye tabasamu kwa kila mtu. Mjomba, shikamoo, lakini humu ndani kuna watu waliokula naye.

Uso wa kazi ulikuja nyumbani. Sijui ni siku gani uliingia na haukutoka, na sidhani kama na yeye aliijua. Ungemletea karatasi ya mtihani umepata kumi na mbili kwa mia, akaisoma, akakutazama, na usoni mwake hukuti hasira, huzuni wala mzaha, ukabaki umesimama kwenye zulia. Baba akikasirika tulijua tukimbilie wapi na baada ya dakika ngapi turudi. Mama alikuwa mlango usio na kitasa. Hakutupiga hata siku moja, nalisema kwa kiapo, hakututukana, hakututishia zimwi wala nesi, na tulimwogopa kuliko watoto wote wa mtaa walivyowaogopa wazazi wao wenye mikanda. Profesa alijifunza kusoma viatu vyake, namna alivyoviweka mlangoni, vikiwa sambamba ni siku nzuri. Mimi nilijifunza kusikiliza kijiko kwenye kikombe. Usiku hatukuogopa giza, tuliogopa asubuhi, kwa sababu giza angalau halikutazami.

Mwaka 1991 utafiti uliingia awamu ya pili, ya kupima mtoto anavyosoma uso wa mzazi mbele ya kitu asichokijua. Mtoto anacheza, mzazi amekaa kwenye kiti, kutoka kwenye sanduku anatoka chura wa bati wa kutia ufunguo, anaruka na kutoa mlio wa kukwaruza, na mzazi ameelekezwa aoneshe uso mmoja kati ya mitatu: wa furaha, wa hofu, au usio na kitu. Kisha unahesabiwa muda ambao mtoto anachukua kumgusa chura. Utaratibu mpya hujaribiwa kwanza, na siku ya Jumanne, tarehe 26 Novemba 1991, mtoto wa jaribio hakufika, basi mama akachukua mtoto aliyekuwa karibu. Nilikuwa na miaka minne na miezi miwili. Ninachokumbuka ni sauti ya chura, harufu ya sakafu iliyopigwa dawa, na mama yangu kwenye kiti, hatua tatu kutoka kwangu, hayupo.

Daftari la siku hiyo nimelisoma mwaka huu. Limeandikwa: "Mtoto wa jaribio. Hali ya tatu. Ameniangalia mara kumi na moja. Sikumpa kitu. Baada ya mara ya kumi na moja hakuangalia tena. Amekwenda pembeni, ameupa ukuta uso, kimya." Chini yake, kwa kalamu nyingine, amepigia mstari mara mbili: "Dakika mbili ni nyingi mno. Hali hii isifanywe kwa mtoto yeyote tena." Na kwenye ripoti yake ya mwaka 2004, ile yenye kurasa mia tatu ambayo wengi wenu mnayo kabatini na hamjaifungua, ukurasa wa arobaini na moja kuna sentensi moja inayosema hali ya tatu iliondolewa baada ya jaribio la awali. Huyo ni mimi. Nimo kwenye maandiko ya kitaaluma, kwa sentensi moja, bila jina.

Aliiondoa maabara. Nyumbani aliisahau.

Alistaafu tarehe 9 Aprili 2012, akapewa saa ya ukutani, akaendelea kwenda ofisini kwa miaka mitano kana kwamba hakuna aliyemwambia.

Sasa nimefika penye ugonjwa, na sitapita. Mama hakuugua kwa muda mfupi. Aliugua miaka saba, na kati ya hiyo mitatu ya kwanza aliugua mbele ya macho yetu bila sisi kujua, na nataka mjue ilikuwaje, maana haingetokea nyumba nyingine. Kuanzia mwaka 2017 mwandiko wake ulianza kupungua, mstari ukianza na herufi za kawaida ukaishia na vinukta kama mchanga, tukasema mama amekuwa mbahili wa karatasi. Sauti ikashuka, tukasema amestaafu kupigia wanafunzi kelele. Akaanza kutembea kwa hatua fupi, mkono mmoja hausogei, tukasema uzee. Na uso ukaganda, kope zikawa hazipepesi, shavu halijongei hata Profesa anaposimulia vituko vyake, na kuhusu hilo hatukusema lolote, kwa sababu tangu tuzaliwe tulijua huo ndio uso wa mama. Februari 2018 alianguka jikoni, na nilipomwinua alinitazama bila maumivu yoyote usoni, nikamwambia, "Afadhali hujaumia," na alikuwa amevunjika kifundo cha mkono.

Aliyeona ni Namba Kumi na Tisa. Alikuja kumsalimia Julai 2020, akakaa naye robo saa, kisha akaniita koridoni, akasema, "Dada, huu si uso wa kazi. Mimi nimeutazama uso wa kazi nikiwa uvunguni. Ule ulikuwa na macho yanayonifuata. Haya hayafuati." Tarehe 11 Agosti 2020 tulikaa mbele ya daktari bingwa wa mishipa ya fahamu, naye akasema ni ugonjwa wa Parkinson, ambao wengi huuita ugonjwa wa kutetemeka, ila wa mama ulikuwa wa aina inayokakamaza, na akauliza swali la kawaida kabisa: "Ameacha kutabasamu tangu lini?" Tukatazamana. Profesa akasema, "Tangu elfu moja mia tisa themanini na nne, daktari." Daktari alidhani anatania. Baba akageuza uso dirishani, na mama, ambaye alikuwa akisikia kila neno, alitutazama wote watatu kwa macho yasiyopepesa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua kwamba nyuma ya uso ule kuna mtu anayetaka kutoka na hawezi.

Tangu siku hiyo sikumwogopa tena mama, niliogopa uso. Niliingia chumbani kwake nikiwa nimevaa tabasamu, nikisema "Mama leo umependeza" kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na kila nilipotoka nilikwenda bafuni kujitazama kwenye kioo kama na wangu umeanza.

Binti yangu, mjukuu pekee wa marehemu, tunayemwita Chiriku kwa kuwa hanyamazi, alizaliwa tarehe 3 Juni 2019, na alipofika miaka minne akakataa kuingia kwa bibi yake. Alikuwa akifika mlangoni, anashika fremu, ananyamaza, Chiriku huyu, kisha anarudi nyuma mpaka mgongo wake ugonge ukuta wa koridoni. Tulimwambia bibi anakupenda. Tulimpa peremende. Shangazi akasema amtishe kidogo, na nikamwomba Shangazi akatazame maji jikoni. Mwezi ukapita, mwaka ukapita, mama akilala ubavu wa kushoto ili auone mlango, na kila alasiri kivuli kidogo kikifika pale, kinasimama, kinatoweka.

Mwezi Septemba mwaka huu aliniita nisogee, kwa kuwa sauti ilikuwa imebaki pumzi tu, nikaweka sikio karibu na mdomo wake, akasema, "Haniogopi mimi." Nikamwambia, "Mama, usijali, ni mtoto." Akasema, "Acha sauti hiyo. Nimemtazama siku nyingi. Akifika mlangoni hanitazami. Anakutazama wewe kwanza. Mdomo wako unacheka, shingo yako inakimbia. Mtoto anafuata shingo." Akavuta pumzi, kisha akasema, "Mimi niliogopa kila kitu. Kisima. Ngazi. Homa zenu. Mkichelewa dakika tano nilikuwa nimeshawazika. Nikasema hofu yangu isiwe yenu, nikaificha. Nikaficha na mengine yote humo humo." Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Niliwaona mko sawa." Nikamwambia, "Tulikuwa tunakuogopa wewe, Mama." Akasema, "Niliona. Mara kumi na moja."

Hatukulizungumza tena. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba kifua kimejaa, kumeza kumekuwa shida, tuhesabu wiki, na mimi nikawa sihesabu kingine isipokuwa alasiri zilizobaki kabla mtoto huyu hajapoteza nafasi ya kuingia chumba kile, na kila alasiri nilifika mlangoni na shingo ileile. Nilijaribu kuilegeza. Nilijaribu mbele ya kioo, nilijaribu kuvuta pumzi kama wanavyofundisha. Mwanamke mwenye shahada mbili, anafanyia mazoezi shingo yake bafuni.

Jumapili, tarehe 13 Oktoba, saa tisa alasiri, nilichoka. Tulifika mlangoni, Chiriku akashika fremu, akainua macho kunitazama, nikafungua mdomo nitabasamu, nikashindwa. Nikachutama. Nikamwambia, "Mwanangu, mama anaogopa." Akaniuliza, "Unaogopa bibi?" Nikamwambia, "Naogopa bibi atakufa, na naogopa uso wake umekuwa mgumu. Ndani yake ni bibi yuleyule. Naogopa, lakini naingia." Akanitazama kwa makini, kama anayekagua embe sokoni, akatazama shingo yangu, mdomo wangu, macho yangu, nadhani kwa mara ya kwanza vyote vilikuwa vinasema jambo moja, akaniambia, "Basi nishike." Tukaingia tumeshikana kama wezi. Alikwenda moja kwa moja akaweka kidole kwenye shavu la bibi yake, akalibonyeza, akasema, "Mbona ni laini?" na akakaa pale saa nzima akimweleza habari za paka wa jirani, habari ndefu zisizo na mwisho. Uso wa mama haukusogea. Macho yalimfuata. Namba Kumi na Tisa alikuwa akibadilisha dripu, naye aliyaona.

Mama alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 2024, saa nne na dakika arobaini asubuhi, chumbani kwake, baba akiwa amemshika mkono ule uliowahi kuvunjika, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, daftari mia moja na sita, na watu wazima arobaini na mmoja ambao utotoni walikuwa namba.

Familia inamshukuru daktari bingwa aliyetujibu kila swali bila kutupambia maneno, na madaktari na wauguzi wote wa wodi, na kwa namna ya pekee Namba Kumi na Tisa, ambaye alimlipa mama kwa kulala naye sakafuni nyakati zile alizoogopa kitanda. Tunawashukuru majirani mliosukuma kiti cha magurudumu kwenye changarawe ile, mkaleta sufuria zilizojaa na mkaondoka bila kuuliza "kwani amekuwaje usoni". Tunawashukuru wenzake wa idara, ambao nimeambiwa leo asubuhi katika chumba cha kioo mmezima taa ya watoto na kuwasha ya upande wenu, ili yeyote anayepita upande wa watoto awaone. Tunamshukuru Mjomba, kwa maagizo.

Baada ya mimi kukaa, jeneza litafunguliwa, na tutapita mmoja mmoja. Chiriku amekaa mapajani kwa babu yake, amevaa soksi mbili zisizofanana, na tangu nianze kusoma hajatazama jeneza hata mara moja. Ananitazama mimi. Nimekuwa nikihesabu, siwezi kuacha, ni ya urithi, na sasa hivi imetimia mara ya kumi na moja.

Basi mwanangu, niangalie vizuri, taa iko upande wangu. Huu ndio uso wangu. Mama anaogopa, mama analia, na mama anakuja hapo akushike mkono, tupite pamoja.

Na wewe, Mama, umeutumikisha uso huo miaka arobaini. Uache sasa upumzike, nawe upumzike nao, kwa amani.